Kibodi Inayogoma Ijumaa

Jumatano, 2 Aprili

Ochola fundi amesema niandike kila kompyuta inapoganda: siku gani, wakati gani, nilikuwa nafanya nini. Amechoka, anasema, kuitwa na watu wanaomwambia tu kwamba "imegoma". Basi naandika. Leo haijaganda.

Lakini mimi nikishika kalamu huwa siwezi kunyamaza, kwa hivyo, Ochola, ukifika hapa ruka. Mashine hii ndiyo kazi yangu. Shirika moja la Nairobi linanitumia sauti za akina mama wa huku kwetu wakihojiwa kwa Kigiriama juu ya uzazi na mashamba yao. Mimi nasikiliza na kuandika kila neno, halafu natafsiri. Kila Ijumaa kabla ya adhuhuri kazi ya juma hilo iwe imefika. Niko kwenye majaribio mpaka mwisho wa Mei. Msimamizi wangu, Lewis, ni mtu wa maneno ya upole, lakini mwezi uliopita alinieleza bila kuzunguka: mashine yangu isipoaminika nitalazimika kuhamia ofisini kwao Nairobi nitumie zao. Na huko pa kulala ni kwa binamu yangu, chumba kimoja, wao wanne. Mwanangu Nyevu atabaki Magarini kwa mama yangu. Ana miaka saba. Sitaki kuwa mama wa kwenye simu.

Ijumaa, 4 Aprili

Imeganda asubuhi. Nilikuwa naandika neno la kawaida kabisa, herufi moja ikaanza kujibonyeza yenyewe, ikajaza mstari, ikajaza ukurasa, kisha kila kitu kikasimama. Kipanya hakisogei. Nimezima kwa nguvu, nimewasha, imeganda tena. Kufika saa tano jua lilipokuwa kali ikatulia yenyewe, nikatuma kazi jasho likinitiririka.

Shule zimefungwa leo. Nyevu yuko nyumbani likizo nzima. Mungu anisaidie.

Jumatatu, 7 Aprili

Nzima. Haina hata aibu.

Alhamisi, 10 Aprili

Nzima. Jioni mazoezi ya kwaya, Pasaka imekaribia. Nyevu nimekwenda naye kama kawaida, akalala kwenye benchi kabla sauti ya pili haijaanza.

Ijumaa, 11 Aprili

Ijumaa tena. Asubuhi ileile, ujinga uleule.

Bi Mwanabibi alipanda na mahamri na mbaazi akanikuta nimeishika kompyuta kichwa kwa mikono miwili. Huyu ndiye mwenye nyumba. Yeye anakaa chini, sisi ghorofani. Watoto wake wote wako mbali, Muscat na Mombasa, na nyumba yote hii ya Shella amebaki nayo peke yake na paka. Nilipohamia nilimwogopa. Mwanamke wa mji, buibui limepigwa pasi, Kiswahili chake kimenyooka, na mimi nilidhani atanihesabia kila ndoo ya maji. Nikimwamkia shikamoo ananijibu marahaba na kuniuliza habari za mama yangu kwa jina, ingawa hawajawahi kuonana. Ana ada zake. Kila Alhamisi jioni, usiku wa kuamkia Ijumaa, hupitisha chetezo cha udi katika kila chumba, chetu pia. Aliniomba ruhusa tangu mwanzo, nami nikampa, kwa sababu harufu yenyewe ni nzuri na kwa sababu nisingethubutu kumkatalia. Sasa nguo zetu zote, mashuka, hata mkate, vinanukia udi. Darasani kwake Nyevu wanamwita bi harusi.

Leo nilimwambia yote, ya Ijumaa na ya Lewis. Habari ya Nairobi alishaijua tangu mwezi uliopita. Alinisikiliza, akaitazama kibodi kama anavyotazama samaki asiyemwamini, akaniambia nile kwanza. "Itapona, mwanangu. Niachie mimi, nitaiombea."

Nilicheka moyoni. Kisha nikala mahamri yote.

Jumatatu, 14 Aprili

Ochola amekuja na begi lake. Amefungua mashine, amepuliza vumbi, amechomoa hiki na kuchomeka kile. Haikuganda hata mara moja, ilikaa mbele yake kama mtoto mbele ya mwalimu mkuu. Amesema labda ni umeme wa Ijumaa, watu wote wanapiga pasi kanzu. Sijui kama alikuwa anatania. Ameniachia agizo moja: ikiganda tena nichomoe kibodi kwanza, nisizime. Mashine ikizinduka, mwizi ni kibodi.

Ijumaa, 18 Aprili

Ijumaa Kuu, lakini kanda za watu hazijui sikukuu. Mvua imeanza alfajiri, ile ya kweli, mabati ya jirani yakawa hayasikizani.

Imeganda. Nimechomoa kibodi. Mashine ikazinduka papo hapo, kipanya kikatembea. Nimechomeka, imeganda. Nimechomoa, imezinduka. Nilifanya hivyo mpaka Nyevu akaniuliza kama ni mchezo. Kwa hivyo mwizi amepatikana. Nilifurahi kuliko inavyostahili mtu kufurahi siku ya leo.

Kazi imechelewa. Lewis ameandika, "Sawa, Kahaso, lakini tuangalie hili." Sipendi ile lakini.

Jumanne, 22 Aprili

Nimenunua kibodi mpya mjini. Nyeusi, herufi zinang'aa. Ile ya zamani nimempa Ochola kwa vipuri. Nimemwonyesha Bi Mwanabibi, akaipapasa na kusema masha'Allah, ni nzuri, isije ikaingia jicho la watu. Nimeandika mchana kutwa bila kikwazo. Nadhani daftari hili limefika mwisho.

Alhamisi, 24 Aprili

Kwaya. Mvua. Nzima.

Ijumaa, 25 Aprili

Mpya nayo imeganda. Mpya! Haijamaliza juma!

Jumatatu, 28 Aprili

Shule zimefunguliwa. Leo ni siku mbaya na nitaiandika yote, hata ile sehemu inayoniumiza.

Zamani ikifika saa tano ya Ijumaa ilikuwa inatulia. Safari hii haikutulia Ijumaa, wala Jumamosi, wala jana. Mvua haikatiki, nguo hazikauki, chumvi inalowa kwenye kopo, na kibodi mpya inajiandikia herufi itakazo. Nilimwita Ochola akaja amelowa mpaka magoti. Akaigeuza, akafungua skrubu za nyuma, akainua kile kikaratasi chenye nyaya, akakigusa kwa kidole.

"Mama Nyevu, hapa kuna kitu cha kunata," aliniambia. "Kama juisi. Mtu amemwagia hii kitu, na si mara moja."

Nilinusa. Inanukia kama kila kitu cha nyumba hii kinavyonukia, hapo sikupata jambo. Lakini neno juisi lilinitosha. Chumba hiki tunakaa watu wawili tu, mmoja mkubwa na mmoja mwenye kupenda ukwaju kuliko dini yake. Likizo nzima alikuwa hapa nikishuka kufua.

Nyevu aliporudi shuleni sikumngoja avue viatu. Nilimuuliza, akasema si yeye. Nilimuuliza tena kwa sauti nyingine, akasema si yeye. Moto ukaniwaka. Nilimwambia ni mwongo, kwamba kwa sababu ya mikono yake michafu mimi nitapelekwa Nairobi na yeye atakaa Magarini, na itakuwa amejitakia. Nilimwambia hivyo mtoto wa miaka saba.

Hakulia. Alivua viatu, akavipanga ukutani vizuri sana, akashuka chini kwa Bi Mwanabibi. Baadaye nilisikia Bi Mwanabibi akiuliza, "Kwani yuwaliani mwana huyu?" Kumbe alikuwa analia huko, ambako mimi simwoni.

Jumatano, 30 Aprili

Ochola ameisafisha kwa spiriti, sasa inafanya kazi. Nyevu hakai tena karibu na meza. Akitaka kupita anazunguka kitandani.

Ijumaa, 2 Mei

Imeganda. Nyevu alikuwa shuleni juma zima, na jana sikukuu ya wafanyakazi alishinda chini kwa Bi Mwanabibi, jioni nikaenda naye kwaya. Sasa nani? Nimeanza kumwangalia paka. Nimeanza kufikiria chumvi ya bahari, mchwa, majirani. Nikamfikiria hata Ochola, kwamba anaharibu ili aitwe, halafu nikaona haya, maana mara mbili amekuja na hakuchukua kitu.

Na kama si Nyevu, basi mimi nimemfanya nini mwanangu? Nimejaribu kumwomba radhi asubuhi akiwa anavaa mkoba mgongoni, ikatoka vibaya, nikamwambia achukue mwavuli.

Lewis hakuandika, amepiga simu. Kazi yangu ni nzuri, anasema, hakuna anayewasikia wale akina mama kama mimi. Lakini wenzake wanasubiri. Ijumaa ijayo ikichelewa tena, nijiandae kuja Nairobi, au tuachane. Bi Mwanabibi alikuwa mlangoni na bakuli la wali wa nazi, akasikia yote. Aliliweka bakuli, akanishika bega kidogo, akashuka.

Jumatatu, 5 Mei

Inaganda.

Jumatano, 7 Mei

Ochola amesafisha tena. Inafanya kazi. Naandika kama mtu anayefukuzwa.

Alhamisi, 8 Mei

Mazoezi yamevunjika leo. Maji yamejaa njia ya kanisani, mwalimu wa kwaya ametutumia ujumbe tukiwa tumeshafika nusu ya safari. Tukarudi, mimi na Nyevu chini ya mwavuli mmoja, yeye ameshika pindo la gauni langu kwa sababu ya madimbwi tu. Nilimaliza kazi yote mchana, ilibaki kuipitia na kuituma kesho.

Mlango wa chini ulikuwa wazi. Tulipanda ngazi viatu mkononi tusichafue. Mlango wa chumba chetu umefunguliwa kidogo, moshi wa udi unatoka, nikajua ni ada ya Alhamisi, nikataka kuita hodi. Kisha nikaona.

Bi Mwanabibi amekaa juu ya mkeka wetu, miguu ameikunja. Mbele yake chetezo kina makaa mekundu na udi wake anaoupika mwenyewe kwa sukari na manukato. Juu ya chetezo amefunika kile kijitenga ambacho wenyewe huwekea nguo za harusi zipate moshi. Na juu ya kijitenga, imelazwa kifudifudi na kufunikwa kanga yake mpya, kibodi yangu. Akaiinua, akaigeuza, akachukua mrashi wa fedha, akainyunyizia marashi ya mawaridi, pole pole, herufi moja moja, kama mtu anayemnyunyizia mgeni wa heshima viganjani. Alipoona haikutosha, akarudia tangu mwanzo.

"Ya Rabbi, waache hapa," alikuwa anasema. "Huyu na mwanawe, waache hapa hapa kwangu. Kama kuna jicho la mtu katika kidubwasha hichi, liondoe. Usinipelekee Nairobi hawa."

Nilimshika Nyevu mkono tukarudi nyuma, ngazi baada ya ngazi, mpaka barabarani kwenye mvua. Lazima Bi Mwanabibi alianza tangu kabla sijamlalamikia, na kila nilipomlalamikia alizidisha. Kila Ijumaa ilivyokuwa mbaya, Alhamisi iliyofuata ilipata marashi zaidi. Jua kali lilikuwa linayakausha asubuhi. Mvua ilipoanza hayakauki tena. Yote yakanijia pale pale, mwavuli haujafunguliwa.

Nilichuchumaa mbele ya Nyevu. Nikamwambia si yeye, hakuwa yeye hata siku moja, na kwamba nilimwita mwongo na mwongo hakuwepo, na Magarini hajajitakia, nilikosa mimi. Nililia hasa. Aliniangalia kwa muda, mvua inamshuka puani.

"Nilikwambia," akasema. Akanifungulia mwavuli.

Tulikwenda mpaka kwa Ochola, akanipa kibodi moja kuukuu ya dukani kwake, nusu ya herufi zimefutika. Nikaificha ndani ya kanga. Tuliporudi nilikohoa kwa nguvu kuanzia ngazi ya kwanza, nikabisha hodi kwenye chumba changu mwenyewe. Bi Mwanabibi alitoka na chetezo chake, uso umetulia, akatuuliza mbona tumelowa hivi.

Ijumaa, 9 Mei

Nimetuma mapema. Lewis amejibu asante, pamoja na kialama cha tabasamu.

Nilidhani nimeshamaliza: nitumie ya Ochola, ile yangu iwe ya kufukizwa, mzee asijue kamwe. Kisha Bi Mwanabibi akapanda kuuliza, nikamwambia imefika salama. Alifunga macho akasema alhamdulillahi, akanikumbatia, akaniambia sasa amejua kipimo chake, kumbe ilikuwa inataka mara mbili. Na kwamba Alhamisi ijayo atafanya na mashine yenyewe, lile boksi la chini.

Jumamosi, 10 Mei

Nimemwambia.

Nilitaka kusema uongo, nilikuwa nimeupanga vizuri. Lakini nilipofika chini nilimkuta anamsuka Nyevu, nikakumbuka ni nani aliyebeba lawama ya jambo hili, nikashindwa. Nilimtuma Nyevu nje, nikakaa mbele ya Bi Mwanabibi kwenye mkeka. Nikamweleza kwamba Alhamisi nilirudi mapema nikamwona. Kwamba maji ya marashi yanapoingia mle ndani, herufi zinashikana, na mashine inaganda. Kwamba ni hivyo kila Ijumaa.

Mikono yake ilibaki hewani kama bado inashika nywele.

"Mimi?"

"Hukujua, Bi Mwanabibi. Na mimi sikujua."

"Kwa hivyo Nairobi," akasema, "ningekupeleka mimi. Kwa mkono wangu."

Nilimwambia hapana, si hivyo, nilisikia dua yake na hakuna mtu aliyewahi kuniombea vile. Lakini alikuwa ameshasimama. Aliniambia nimsamehe, ana usingizi, akaingia chumbani mwake akarudisha mlango. Ilikuwa asubuhi.

Jumapili, 11 Mei

Mahamri hayakuja. Sikuzoea kujipikia chai ya Jumapili, imenimwagikia.

Jumanne, 13 Mei

Nimemwamkia, ameitikia marahaba, ameuliza habari za mama. Basi. Kompyuta nzima. Nimeirudisha kibodi yangu, Ochola ameikausha na kuisugua, inakwenda vizuri kabisa, na mimi naitazama kwa chuki. Nyevu ameniuliza kwa nini Nyanya, ndivyo amwitavyo Bi Mwanabibi, hapandi tena. Nikamwambia ana kazi. Akasema hana, amekaa tu.

Alhamisi, 15 Mei

Nimerudi kutoka kwaya, nyumba haina harufu. Sikuwahi kujua kwamba nyumba hii chini ya udi inanuka chokaa iliyolowa. Bi Mwanabibi alikuwa sebuleni na tasbihi yake, chetezo kimeoshwa na kuwekwa rafuni.

Sikuvumilia. Nilipanda, nikamvalisha Nyevu gauni lake la Pasaka, nami nikavaa la kwangu, tukashuka tukakaa mbele yake kwenye mkeka.

"Bi Mwanabibi, leo Alhamisi," nilimwambia. "Sisi hatujafukizwa."

Alitutazama mmoja mmoja. "Siji tena huko juu nikakuharibia."

"Juu usije na marashi. Mashine iache, haina shukurani ile. Kazi naifanya mimi. Nifukize mimi."

"Na kanisani kwenu? Watasemaje?"

"Watasema nanukia."

Sikuona alipoanza kucheka, niliona mabega tu. Aliinuka akaenda jikoni kutafuta makaa. Alitutia moshi kwenye pindo la magauni, kwenye nywele, akampitishia Nyevu chini ya mikono mpaka akapiga chafya. Marashi akanimiminia viganjani, mengi, akaniambia nipake usoni, kisha akaniambia nikaoshe mikono vizuri kabla sijagusa kibodi. Nikaosha kwa sabuni yeye amesimama mlangoni.

Ijumaa, 16 Mei

Nzima. Imetumwa.

Ijumaa, 23 Mei

Nzima. Mvua imepungua. Mahamri na mbaazi.

Jumamosi, 31 Mei

Ujumbe wa Lewis umeingia nikiwa naanika nguo, kwenye kamba ambayo hatimaye inaona jua. Nimeusoma nikiwa nimeshika shuka. Majaribio yamekwisha. Nimepokelewa. Nitaendelea kufanya kazi nikiwa huku huku, na hakuna haja ya kuhama, akaongeza, isipokuwa mwenyewe nikipenda.

Nyevu alikuwa ananipa vibanio. Aliniona uso.

"Tunabaki?"

Nikatikisa kichwa kukubali. Akavitupa vibanio vyote chini akakimbia ngazi, nami nyuma yake nikimkataza kwa mikono, maana adhana ya adhuhuri ilishapita na nilijua Bi Mwanabibi yuko katika sala.

Kumbe mtoto huyu amefunzwa kuliko nijuavyo. Alipofika mlangoni alisimama, akavua kandambili, akaenda kukaa nyuma ya msala, magoti pamoja, mikono juu ya mapaja, akangoja. Mimi nikabaki kwenye ngazi. Bi Mwanabibi akamaliza attahiyatu bila haraka. Akatoa salamu kulia, akatoa salamu kushoto, na kushoto kulikuwa na Nyevu.

"Nyanya, tunabaki," Nyevu akamwambia.

Bi Mwanabibi aligeuza uso mbele, akateremsha paji la uso mpaka kwenye msala, akakaa huko muda mrefu.